Uzi wa wasomaji wa Willy Gamba: ile kasi ilitoka wapi?

#1 Mleta uzi, Mwanza

Wakuu, heshima kwenu.

Mwezi huu nimesoma upya visa vya Willy Gamba, mpelelezi wa Kitanzania, vya marehemu Aristablus Elvis Musiba, vile nilivyofanikiwa kuvipata, na safari hii kwa mpangilio wake: Kufa na Kupona cha 1974, Kikosi cha Kisasi, Njama, Hofu, mpaka Uchu.

Mara ya kwanza nilivisoma bwenini, kidato cha pili. Bweni zima lilikuwa na nakala moja ya Njama, na foleni ya kuisubiri haikuwa inasogea. Mwenye kitabu akachukua wembe, akakichana sura kwa sura, kila sura akaibana na pini. Ukimaliza yako unampa wa kitanda cha jirani, unachukua ya kwake. Mimi nilianzia katikati. Nilimkuta Willy tayari yumo matatani, sijui kafikaje, sijui anamtafuta nani, na bado ile sura haikuwekeka chini. Taa zilipozimwa nikamalizia chooni, kwa sababu huko ndiko taa ilikolala ikiwaka.

Safari hii nilisoma nikiwa na swali moja kichwani: ile kasi inatoka wapi? Risasi na ngumi zimejaa kwenye riwaya nyingi za upelelezi, na nyingi nimeziacha ukurasa wa hamsini. Nimefika kwenye jibu, nanyi mtanisahihisha. Musiba anakimbia kwa sababu hana haja ya kusimama kueleza. Chifu, bosi wake, anamwita Willy, nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibiwa Dar es Salaam, njia inaelekea Nairobi, basi, safari imeanza. Msomaji wa wakati ule alikwisha kuyajua yaliyobaki. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar tangu 1963. Wapigania uhuru aliwaona mitaani, aliwasikia Radio Tanzania, majina ya kambi zao, Kongwa na Nachingwea, hayakuwa mageni kwake.

Na alijua kwamba adui anaua kweli. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliuawa palepale Dar, Oysterbay, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilichofika kama kifurushi. Januari 1973 Amílcar Cabral, kiongozi wa ukombozi wa Guinea-Bissau, akapigwa risasi Conakry. Mwaka uliofuata ndipo Kufa na Kupona kikatoka. Msomaji wa namna hiyo huhitaji kumwambia kwamba hali ni mbaya. Anafungua kitabu, hofu anayo tayari.

Karibuni. Anayekubali aseme, anayekataa aseme. Ombi moja tu: msimwage mwisho wa kitabu bila kuonya, humu kuna wanaosoma kwa mara ya kwanza.

#2 Msomaji, Dodoma

Naweka kambi hapa. Mleta uzi umenirudisha mbali sana. Ile ya kuchana kitabu kwa wembe na sisi tuliifanya, ila chetu kilikuwa cha Joram Kiango, mpelelezi wa Ben Mtobwa. Mwenye sura ya mwisho alikuwa mfalme wa bweni, watu walimfulia nguo.

#3 Msomaji, Arusha

Mkuu mleta uzi, heshima, ila napingana nawe na nitasema kwa nini. Nina miaka ishirini na tatu. Kufa na Kupona nimekisoma kwenye simu baada ya mjomba kunisifia kwa miezi. Nilichokiona ni mbio, na mbio si sawa na msisimko. Willy anajua kutumia kila silaha, anapendwa na kila mwanamke, akiingia chumbani unajua atatoka. Maiti zinarundikana kabla sijamjua hata mmoja wao vizuri. Niogope nini wakati naona mhusika mkuu hafi?

Kwangu mimi Ben Mtobwa anamzidi. Joram Kiango hana Chifu wa kumtuma wala ofisi ya kumlinda. Inspekta Kombora akikwama anamtafuta Joram, na muda mwingine anamshuku huyohuyo Joram. Pale nakuwa na wasiwasi, maana serikali inaweza kumgeuka. Willy ana nchi nzima nyuma yake. Na kama kitabu kinahitaji nijue habari za Mondlane kwanza ndipo kinisisimue, basi hilo ni pungufu la kitabu, sidhani kama ni pungufu langu.

#4 Msomaji, Dar es Salaam

Vijana wangu, poleni kwa kuwachelewesha, mimi huandika polepole.

Kufa na Kupona nilikisoma kikiwa kipya. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nafanya kazi ya ukarani mjini, nakaa Temeke kwenye nyumba ya kupanga. Chumba cha tatu kutoka changu alikaa bwana mmoja mpole, Mzimbabwe, ingawa wakati ule nchi yake bado iliitwa Rhodesia. Alikuwa anajua Kiswahili cha kununulia sokoni na cha kutaniana. Kila asubuhi alinisalimia, kila jioni alisikiliza redio yake kwa sauti ya chini. Hatukumuuliza anafanya kazi gani. Si kwamba tulikatazwa, ilikuwa ni adabu tu, kila mtu mtaani alijua kwamba swali kama lile linaweza kumfikia asiyetakiwa.

Siku moja akaondoka. Kitanda kikabaki, redio ikabaki kwa mama mwenye nyumba. Hatukuambiwa kaenda wapi, wala hakuna aliyeuliza.

Sasa wewe kijana wa Arusha, unaposema hukuogopa kwa sababu Willy hafi, nakuelewa. Lakini sisi tuliposoma kwamba nyaraka zimeibiwa, hatukumwogopea Willy hata kidogo. Tulijua kwenye nyaraka za namna ile kuna majina ya watu, njia wanazopita, nyumba wanazolala. Mimi nilikuwa nasoma ndani ya basi la UDA huku namuwaza yule bwana wa chumba cha tatu. Jina lake limo? Njia yake imo? Willy akichelewa Nairobi, mtu anakamatwa mpakani. Hiyo ndiyo kasi niliyoisikia mimi, na ilinifanya nipitilize kituo mara mbili.

Mwaka uliofuata, Machi 1975, Herbert Chitepo, kiongozi wa wapigania uhuru wa Rhodesia, akauawa Lusaka kwa bomu la kwenye gari. Kitabu nilikuwa bado ninacho mezani.

#5 Msomaji, Nairobi

Shikamoo mzee wa Dar. Nimesoma maelezo yako mara mbili.

Mimi nina la kusema upande wetu. Nilipokuwa mdogo nilikerwa kwamba mambo machafu lazima yaje kufanyikia Nairobi. Wezi wanakimbilia Nairobi, majasusi wa Wareno na makaburu wanapanga Nairobi, halafu mpelelezi safi anatoka Dar kuja kusafisha. Nikamuuliza baba, naye hakukasirika. Akaniambia Nairobi ndiko kulikokuwa na hoteli kubwa, kampuni za kigeni, ndege za kwenda kila pembe ya dunia. Ukiwa jasusi wa 1974 utapanga kikao chako wapi, Nairobi ama kijiji cha ujamaa? Hapo nikaelewa kwamba mwandishi alichagua mahali panapofaa kazi.

Na msisahau jambo hili. Kufa na Kupona kilichapishwa na East African Literature Bureau, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao yake hapa Nairobi. Kitabu kinachowaonyesha Watanzania na Wakenya wakihangaika na adui mmoja kilitolewa na ofisi iliyokuwa ya nchi zote tatu. Jumuiya ikavunjika 1977, chombo kikafa nayo, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa Februari mwaka huohuo na haukufunguliwa hadi 1983. Vitabu vilivyofuata Musiba alivitolea Dar, na sisi huku tukavikosa. Njama nilikuja kukiona mara ya kwanza mwaka 1985, kimeletwa na dereva wa lori kutoka Namanga, kimefungwa kwa gazeti la Uhuru. Kwa hiyo mkisema mfululizo, kwetu ulikatika katikati. Tuliruka miaka, tukamkuta Willy mzima na hatujui alipita wapi.

#6 Msomaji, Morogoro

Wapendwa, nawapenda Musiba na Mtobwa wote wawili, na kwa sababu nawapenda nitasema linaloniuma.

Wanawake. Mwanaume akiingia kwenye visa vya Gamba tunaambiwa ni nani, kazi yake nini, anaaminika au haaminiki. Mwanamke akiingia tunaambiwa kwanza umbo lake. Ndipo kazi yake inafuata, kama inafuata. Nilikuwa na miaka kumi na tano niliposoma, na nilitaka kuwa Willy. Sikutaka kuwa yule anayemsubiri hotelini. Nikatafuta mahali pa kusimama ndani ya kitabu nikapakosa, nikaamua kusimama palepale kwa Willy, nikasoma hivyo hadi mwisho.

Mtobwa alijaribu zaidi. Nuru wa Joram Kiango anasafiri, anahatarisha maisha, anafikiri. Bado uzuri wake unatajwa kila mara, lakini ukimtoa Nuru kwenye kile kisa cha Afrika Kusini, kisa kinapwaya. Ukimtoa mwanamke kwenye visa vingi vya Gamba, unapoteza chakula cha jioni tu.

Na linaloniuma zaidi ni kwamba hali halisi haikuwa hivyo. Mimi nimekulia jirani na Mazimbu, ile shule ya ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Mama yangu aliuza mbogamboga kule. Wanawake tuliowaona pale walikuwa walimu, wauguzi, wapiganaji waliotoka kwao wakiwa na miaka kumi na saba. Ruth First, mpinga ubaguzi wa Afrika Kusini, aliuawa Maputo, Agosti 1982, kwa bomu la barua, ofisini kwake, akiwa kazini chuo kikuu. Makaburu walimwona ni adui wa kuuawa. Waandishi wetu wa riwaya hawakuona kwamba mwanamke wa namna ile anaweza kubeba kisa kizima. Hapo kwangu ndipo kasi inapokatika: mbio zinasimama, tunaelezwa gauni.

#7 Msomaji, Arusha

Dada wa Morogoro, asante. Hilo ndilo nililokuwa nalizungukazunguka na sikupata maneno.

Mzee wa Dar, shikamoo. Nimerudia kurasa za mwanzo jana usiku, nikijaribu kusoma kama ulivyosema, nikiwawaza watu walioandikwa kwenye zile nyaraka na kumwacha Willy pembeni. Ni kweli, kitabu kimebadilika. Bado naona Willy ana bahati kupita kiasi, lakini sasa nataka awahi.

#8 Msomaji, Lubumbashi

Bonjour ndugu wote. Nami mniruhusu.

Kikosi cha Kisasi kinampeleka Willy Kinshasa. Mimi nilikisoma hapa Lubumbashi kwa shida, nakala ilitoka Kigoma ikavuka ziwa, ikashuka nayo mpaka kwetu. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba Kinshasa nzima inaongea Kiswahili! Kule wanasema Kilingala, Kiswahili ni chetu sisi wa mashariki na wa Katanga. Najua ni lazima, kitabu ni cha Kiswahili. Lakini kilinifurahisha, nikasema leo Kinshasa imetusikia.

Kitu cha pili ni kizito. Mtanzania anasoma kwamba wapigania uhuru wako hatarini Kinshasa, anaona ni mji wa mbali wenye vita vya kijasusi. Sisi tunakumbuka serikali ya Mobutu ilikuwa upande gani. FNLA ya Holden Roberto, kundi moja la wapigania uhuru wa Angola, ilikuwa na makao yake Kinshasa, na mwaka 1975 jeshi la Zaire liliingia Angola kupigana na MPLA, kundi hasimu la FNLA. Kwa hiyo swali la nani mkombozi na nani msaliti, kwetu halikuwa na jibu jepesi. Kwenye kitabu adui ni wazi. Kwenye mtaa wetu adui angeweza kuwa na bendera ya nchi, na picha yake ikatundikwa ukutani ofisini.

Sisemi hivyo kumlaumu Musiba. Mji huu ndiko Lumumba aliletwa kuuawa, 17 Januari 1961, nje kidogo ya mji. Mtu wa hapa akisoma kisa cha Mwafrika anayewawahi wauaji kabla hawajamaliza kazi, na kweli anawawahi, anasoma kwa kiu. Mimi Kikosi cha Kisasi nilikimaliza usiku mmoja. Umeme ulikatika saa nne, nikaendelea na mshumaa.

#9 Mleta uzi, Mwanza

Wakuu, mmenizidi. Nilileta swali dogo, mmelibeba mbali.

Dada wa Morogoro, nakubali yote na sina la kutetea. Nilirudi kwenye Njama nikahesabu, kwa kweli niliona aibu kwamba bwenini hatukuwahi hata kulitaja. Tulikuwa wavulana watupu, labda ndiyo sababu, lakini si kisingizio.

Ndugu wa Lubumbashi, umegusa kitu ninachotaka kukisema juu ya vitabu viwili vya mwisho. Hofu kilitoka 1988. Zimbabwe imeshapata uhuru wake tangu 18 Aprili 1980, kwa hiyo Willy anakwenda kwenye nchi iliyokuwa ya adui na sasa ni ya ndugu, na kaburu bado yuko ng'ambo ya Limpopo anatuma watu wake. Kwangu hicho ndicho kilele cha mfululizo mzima. Adui amebaki mmoja, amebanwa, na mnyama aliyebanwa ndiye anayeng'ata. Ukisoma ukijua makaburu walivyokuwa wakivuka mipaka miaka ile kuwaua watu majumbani mwao, kila mlango Willy anaoufungua unausikia.

Halafu 1994 inafika. Afrika Kusini inapiga kura 27 Aprili, Kamati ya Ukombozi inafungwa mwaka huohuo Brigedia Jenerali Hashim Mbita akiwa katibu mtendaji wake, na Willy Gamba anabaki bila kazi iliyomzaa. Uchu kinamwelekeza Maziwa Makuu, kwenye maafa ya Rwanda na tamaa ya mali za ukanda ule. Najua wapo wanaokipenda. Mimi nilikisoma kwa moyo mzito. Ni kitabu chenye hasira ya haki, Musiba anaumia na unaona anaumia. Lakini mpelelezi anayepiga ngumi, mbele ya watu waliouliwa na majirani zao? Willy alizoea adui anayetumwa kutoka nje, mwenye pasipoti ya bandia na bastola chini ya koti. Kule aliyeua alikuwa amekopa jembe kwa aliyemuua wiki iliyopita. Hakuna nyaraka ya kurudisha ili mambo yaishe. Nilipokifunga nilihisi kwamba mfululizo umefika mahali ambapo silaha zake hazifanyi kazi, na nadhani mwandishi alilijua hilo, ndiyo maana kitabu kina uchungu kuliko vyote vilivyotangulia.

#10 Msomaji, Dodoma

Hapo kwenye Uchu tumepishana. Mimi naona ndicho kitabu cha kijasiri kuliko vyote. Vile vya mwanzo kila mtu alikuwa upande wa Willy, serikali, redio, shule. Kwenye Uchu Mwafrika anaulizwa maswali na Mwafrika mwenzake. Mwandishi aliyezoea kumsuta Mreno akageuka kutusuta sisi. Msomaji akikosa raha hapo, basi kitabu kimefanya kazi yake.

Naongeza jingine. Musiba hakuwa mwandishi wa kukaa chumbani tu, alikuwa mtu wa biashara, akafika kuongoza Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo ya Tanzania. Ukilijua hilo unaona kwa nini kwenye visa vyake mara nyingi nyuma ya bunduki kuna mtu wa fedha. Alijua mzigo unavyopita bandarini na nani anasaini nini.

#11 Msomaji, Nairobi

Swali kwa wote: Musiba alifariki 2010, Mtobwa alitutoka 2008. Je, mwandishi mwingine amchukue Willy aendelee naye? Mimi nasema hapana. Akitaka mpelelezi amwumbe wake, na ampe adui wa leo: wizi wa data, mikopo, madini, uchaguzi. Willy ana miaka yake. Kumvika simu ya kisasa ni kumtoa damu.

#12 Msomaji, Morogoro

Amuumbe wake, naam. Na awe mwanamke, akulie Mazimbu, mama yake akiuza mboga. Mwanzo wake nimeshauandika kwenye daftari, kurasa kumi na mbili. Hakuna gauni hata moja.

#13 Mleta uzi, Mwanza

Dada, ziweke hapa hizo kurasa. Tafadhali sana. Na usizichane kwa wembe, leta zote kwa mpangilio.

#14 Msomaji, Arusha

Nasubiri nami. Mzee wa Dar, kabla uzi haujasogea, nina swali limenikaa tangu juzi. Yule bwana wa chumba cha tatu, alirudi?

#15 Msomaji, Dar es Salaam

Alirudi, mwanangu. Ilikuwa 1980, katikati ya mwaka. Nilikuwa nimekaa barazani, nikaona mtu mwembamba mwenye mvi kidogo anafungua geti kama mwenyeji. Mguu mmoja alikuwa anauburuta. Mama mwenye nyumba alilia, akaenda ndani akatoka na ile redio, imefunikwa kitambaa muda wote.

Alikaa siku mbili akiaga watu, halafu akapanda treni ya TAZARA kurudi kwao. Nilimsindikiza stesheni. Sikuwa na zawadi ya maana, mshahara wa karani mnaujua, nikampa Kufa na Kupona changu asome njiani, kwa Kiswahili chake kilekile cha sokoni. Akaangalia jalada, akaniuliza kinahusu nini.

Nikamwambia, kinakuhusu wewe.

Nakala niliyo nayo sasa niliinunua baadaye sana, kwa muuza vitabu vya mitumba wa barabara ya Samora. Ukurasa wa kwanza una jina la mtu nisiyemjua na neno "Tabora".